MGENI NJOO, NA CHOO KIKO WAPI?



Leo hatuandiki khabari za mikutano wala za hotuba. Twaandika khabari ya choo. Tunajua wapo watakaocheka, na wapo watakaolikunja gazeti wakisema kuwa mhariri amekosa la kusema. Na wacheke. Kicheko hicho ndicho kilichotufikisha hapa tulipo, kwani jambo ambalo watu wazima huona haya kulitaja katika baraza, halitengewi fungu la fedha katika baraza hilo.

Mwaka jana tulifunga duka kwa siku chache tukaenda Musoma kuzuru jamaa. Tulipanda basi Mwanza asubuhi, tukapita Magu na Lamadi, ziwa likiwa mkono wa kushoto na mbuga za Serengeti mkono wa kulia. Njia ni nzuri na nchi inapendeza. Walakin katikati ya safari basi lilisimama mahali pasipo nyumba wala kibanda, na utingo akapaza sauti: "Wa kuchimba dawa!" Msomaji wa visiwani asiyeyajua maneno haya na aelewe kuwa hakuna dawa inayochimbwa. Maana yake ni kuwa abiria washuke, kila mtu atafute kichaka chake, wanaume upande huu na wanawake upande ule, na mwenye kanga amsitiri mwenzake.

Mbele yetu alikaa mama mmoja mtu mzima sana, naye hakushuka. Tulimwamkia tukamuuliza kama anahitaji msaada. Akajibu kwa upole: "Hapana, mwanangu. Mimi sijanywa maji tangu jana usiku. Safari hii naijua."

Maneno hayo hayajatutoka moyoni mpaka leo. Mtu mzima, katika nchi yake mwenyewe, kando ya ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika, ajinyime maji usiku kucha ili heshima yake isimwagike njiani! Marufuku ya kuchimba dawa imepata kutangazwa, na si mara moja. Lakini marufuku haina mlango, haina ukuta, wala haina ndoo ya maji. Mwenye haja akiambiwa asiende kichakani, haki yake ni kuonyeshwa mahali pa kwenda.

Huenda msomaji akauliza: Mtu wa visiwani ana nini na Musoma, Bunda na Butiama? Twajibu kuwa kisa chao ni kisa chetu. Wao wana Serengeti, sisi tuna pwani. Wote twaambiwa kila siku kuwa mgeni ndiye riziki yetu, na wazee walikwisha sema kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi twataka kujua mwenyeji anaponaje, ikiwa neema yote ya mgeni haitoshi kumjengea mwenyeji choo cha njiani, wala kukiweka hai kikisha jengwa.

Na tutazame kwanza nchi yenyewe. Kwa njia hii ya Mwanza na Musoma ndiko uliko mlango wa Ndabaka, mmoja wa milango ya kuingilia Serengeti. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1951, na mwaka 1981 ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Bunda ni mji wa njia panda: wa kwenda Musoma hupita hapo, wa kwenda Kisorya kuvuka na kivuko hadi Ukerewe huchepukia hapo. Mbele yake, Makutano, hutoka njia ya kwenda Butiama. Huko alizaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na huko, Mwitongo, alizikwa Oktoba 1999. Makumbusho yake yalifunguliwa Butiama mwaka huo huo, miezi michache kabla ya kufa kwake. Kila Oktoba 14 nchi nzima huikumbuka siku ya kifo chake, na wageni huielekea Butiama, wakubwa kwa wadogo, wa magari ya fakhari na wa mabasi ya skuli.

Sasa tuwagawe wasafiri hawa kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mtalii anayelipa zaidi ya dola 60 kuingia Serengeti kwa siku. Huyu ana dereva anayejua kila hoteli yenye choo safi, na hukinunua choo hicho kwa bei ya kikombe cha kahawa. Fungu la pili ni mwanafunzi aliyeletwa kuliona kaburi la Mwalimu, mchuuzi wa karanga anayesimama juani akingoja magari, dereva wa bodaboda, mama wa dagaa, na abiria wa basi. Hawa ndio wengi, na hawana hoteli ya kuingia. Mgeni mwenye fedha amepata sitara, na yule anayemhudumia mgeni amebaki na kichaka.

Hatusemi kuwa hapana vyoo hata kimoja. Kusema hivyo ni uongo. Swali letu ni jengine: Kila choo kilichoko, ni cha nani? Nani hukifungua alfajiri? Nani hutia maji? Shimo likijaa, nani hulipa? Mkiuliza mkakosa jina la mtu, basi jueni kuwa choo hicho kimekwisha kufa, hata kama rangi yake bado mbichi.

Nchi hii si ngeni kwa khabari za vyoo. Mwaka 1973 ilipigwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakatoka na majembe wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Lilikuwa jambo kubwa, na Mwalimu wa Butiama ndiye aliyekuwa Rais. Tena mwaka 2017 ikaja kampeni ya Nyumba ni Choo, kuwahimiza wananchi kuwa nyumba isiyo choo bora haijatimia. Zote mbili twazisifu. Lakini zitazameni vizuri: zote zilisema na mwenye nyumba. Mwenye nyumba ana jina, anaweza kutembelewa na Bwana Afya, anaweza kushauriwa na hata kutozwa faini. Jee, njia ina mwenyewe? Mnada una mwenyewe? Kituo cha basi cha kijijini kina mwenyewe? Njia haina nyumba, na kwa hiyo haikupata choo.

Watu wengine husema kuwa dawa ya hayo ni ijara: kila mwenye haja alipe shilingi 300, na mtu binafsi apewe kazi ya kukiendesha choo. Sisi ni wenye duka, hatuichukii biashara. Basi tuifanye hesabu ya dukani, kama mfano tu wa mezani.

Tuseme choo cha stendi ya mjini kinaingiwa na watu 1,000 kwa siku. Kwa shilingi 300 kila mmoja, hizo ni shilingi 300,000 kwa siku. Hapo pana ujira wa wafanyakazi, sabuni, maji, umeme, na faida inabaki. Choo hicho kitajilipa, na mwenye kukipanga atagombaniwa. Sasa tuseme choo cha kijiji cha njiani kinaingiwa na watu 20 kwa siku. Hizo ni shilingi 6,000, na kwa mwezi wa siku 30 ni 180,000. Mlinzi akilipwa shilingi 5,000 kwa siku, amekwisha kula 150,000. Zimebaki 30,000. Katika hizo mtoe sabuni, maji, ufagio, dawa ya kusafishia, kitasa kilichovunjika, na akiba ya kulipa gari la kunyonya shimo. Hazitoshi, na hazitatosha hata aje mfanyabiashara hodari namna gani. Atafanya nini? Kwanza atapunguza sabuni. Kisha atamwondoa mlinzi. Mwisho atatia kufuli na kwenda zake.

Hii ndiyo siri ya kufuli tunazoziona. Watu husema ni uzembe au ni wizi, na pengine ni kweli. Lakini mara nyingi ni hesabu iliyokuwa mbovu tangu siku ya kwanza. Choo cha stendi hujilipa. Choo cha kijiji cha wageni hakijilipi. Wageni wenyewe huja kwa misimu, na siku ya Oktoba 14 watu wa mwaka mzima huja kwa asubuhi moja, shimo likajaa na foleni ikazunguka ukuta. Anayeviendesha vyoo vya namna mbili kwa kanuni moja atauona mmoja ukistawi na wa pili ukifa, naye atadhani kuwa wanakijiji ndio wabaya.

Isidhaniwe kuwa shida hii ni ya masikini peke yao. Katika Uingereza, nchi iliyojenga vyoo vya umma tangu karne ya 19, hakuna sheria inayolazimisha mabaraza ya wilaya kuviweka vyoo hivyo. Kwa hiyo fedha zilipopungua, vyoo vilikuwa vya mwanzo kufungwa, na vijiji vya pwani na vya milimani vinavyopokea watalii ndivyo vilivyolalamika sana. Lakini huko huko pia wametafuta njia. Wales walipitisha sheria ya afya ya umma mwaka 2017, inayolitaka kila baraza liandike mpango wa vyoo vya eneo lake na kuutangaza. Na katika Highland ya Uskochi, kama katika mtaa wa Richmond huko London, baraza huwalipa wenye mikahawa na maduka ili wamfungulie mpita njia mlango wa choo chao, hata kama hakununua kitu. Mlango upo, maji yapo, na mwenyewe yupo. Baraza linanunua idhini tu.

Sasa tutazame khatari ya kulala. Musoma ni mji uliozungukwa na maji, na Ziwa Victoria ndilo kisima chake, ndilo shamba lake la samaki, na ndilo bafu la watoto wake. Uchafu unaoachwa kichakani haukai kichakani. Mvua ya kwanza huuchukua hadi mtoni, na mto huuchukua hadi ziwani. Kichocho huenda kwa njia hiyo hiyo: mayai hutoka katika haja ya mgonjwa, yakafika majini yakaanguliwa, yakaingia katika konokono, kisha viluwiluwi vikatoka na kupenya ngozi ya mtoto anayeoga au mama anayefua. Ukiukata mlango wa kwanza, yaani haja isifike majini, mnyororo wote umekatika. Dawa ya kumeza ni nzuri, lakini atakayeimeza leo na kesho akarudi katika maji yale yale, ameponywa kwa mkopo.

Na kipindupindu je? Kati ya Agosti 2015 na mwanzo wa 2018, zaidi ya watu 33,000 waliugua nchini Tanzania, na zaidi ya 500 wakafa. Visiwa vyetu navyo havikusalimika. Mwaka 2023 maradhi hayo yalizuka tena, na Mara ikawa miongoni mwa mikoa iliyopatwa. Maradhi haya hayaulizi mtu chama chake wala dini yake, wala hayamchagui mtalii na mwenyeji.

Tena ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Mwaka 2020 lilipanda hata kukifikia na kukipita kidogo kile kimo cha mwaka 1964 kilichokuwa kikisimuliwa na wazee. Katika nchi zote tatu zinazolizunguka, maji yaliingia majumbani na katika vyoo vya ufukweni. Choo cha shimo kilichochimbwa karibu na maji, siku ziwa lipandapo, hugeuka kuwa chungu kilichopinduliwa. Basi atakayejenga mwaloni asijenge kwa kuiga mchoro wa milimani. Na ajenge juu, kwa tangi lililozibwa, linaloweza kunyonywa.

Sisi tuliokaa chuoni juu ya mkeka tunakumbuka kuwa miongoni mwa milango ya mwanzo ya fiqhi ni mlango wa tahara. Tulifundishwa tukiwa wadogo kuwa mtu asikidhi haja njiani wanapopita watu, wala chini ya kivuli wanapopumzika, wala penye maji wanayoyatumia. Tazameni: njia, kivuli, maji. Mafundisho hayo yaliutaja mkoa wa Mara kabla haujaitwa jina hilo! Na jirani yetu Mkristo, na mzee wa Kizanaki anayefuata mila ya babu zake, hakuna hata mmoja kati yao atakayesema kinyume cha hayo. Sitara ya mwili ni jambo tunalokubaliana wote, na ni machache siku hizi tunayokubaliana wote.

Jee, tufanye nini? Kulaumu ni kazi rahisi, na gazeti lisilotoa shauri ni ngoma tupu. Shauri letu ni hili.

Kwanza, daftari. Mali bila daftari hupotea bila khabari. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama ziandike kila choo cha umma kilichoko: mahali pake, jina la mwenye dhamana, kina maji au hakina, mara ya mwisho kimenyonywa lini. Orodha hiyo ibandikwe ukutani katika ofisi ya kila kijiji, na isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, watu wasikie na waulize.

Pili, milango iliyopo ifunguliwe. Kabla ya kumwaga saruji mpya, halmashauri ipatane na wenye mikahawa, nyumba za wageni, vituo vya mafuta, misikiti na makanisa yaliyo kando ya njia. Ilipe kila mwezi kiasi kilichoandikwa, itie kibao nje, na ikague. Sisi wenye maduka tusijitie usahaulifu hapa. Mteja aliyejisitiri kwako atarudi kununua kwako.

Tatu, fungu lenye jina. Halmashauri hukusanya ushuru kwa biashara zinazoishi kwa wageni. Sehemu ya ushuru huo na iwekwe kwa kazi hii peke yake, kwa ajili ya vyoo vile ambavyo ijara haitoshi kuvilisha. Choo cha stendi kinachopata faida nacho kitoe kidogo kumsaidia mdogo wake wa kijijini. Na kwa siku kuu kama Oktoba 14, viletwe vyoo vya kuhamishika, kisha viondolewe.

Nne, wanyonyaji wa mashimo. Choo bila gari la kunyonya, na bila mahali palipoandaliwa pa kumwaga, ni kuuhamisha uchafu kwa heshima tu. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wa Bunda kikikopeshwa pampu na kigari, kitakuwa na kazi ya kudumu, kwani mashimo hayaachi kujaa.

Tano, wanawake na walemavu waulizwe kabla ya mchoro kuchorwa. Mlango ufungike kwa ndani. Pawe na maji ya kutawadhia na pipa lenye kifuniko. Ngazi isimzuie mwenye gongo wala mwenye kiti cha magurudumu. Yule mama wa basini angeulizwa, angesema yote haya kwa dakika mbili, bila ya mtaalamu.

Najua patakuwa na wa kusema: "Kwanza skuli, kwanza barabara, kwanza hospitali." Twamwambia kuwa barabara ndiyo iliyomleta abiria, hospitali ndiyo itakayompokea akiugua, na skuli ndiyo inayompoteza msichana asiyekuwa na pa kujisitiri. Choo kimo ndani ya yote matatu. Na patakuwa na wa kusema: "Wananchi wetu wataviharibu." Huyo twamuuliza: Jee, umepata kuona choo chenye mlinzi anayelipwa, maji na sabuni, kikaharibiwa kwa wiki moja? Kinachoharibiwa ni kile kisichokuwa na mtu.

Wala tusiwacheke wa Mara. Mvuvi wa Nungwi na mkulima wa mwani wa Jambiani na Paje wanapita kila siku mbele ya hoteli zenye vyoo visivyohesabika, na kila mmoja ajiulize kama kimo hata kimoja kati ya hivyo ambacho mlinzi atamruhusu kukiingia. Jawabu la swali hilo, huko na huku, ndilo litakalotuambia kama mgeni amekuja mwenyeji akapona, au mwenyeji amebaki kumshikia mgeni mlango.

Uhuru ulipopatikana, Mwalimu alitutajia maadui watatu: ujinga, umasikini na maradhi. Wote watatu hukutana kichakani, pale basi linaposimama. Hatutaki mnara mwengine wala kibao kingine cha kumkumbuka. Twataka msafiri aendaye kulizuru kaburi lake aweze kunywa maji tangu asubuhi, bila ya khofu ya njia.

Wenye madaraka wamesikia. Sasa na wafanye.